Manifoldi Isiyokaa Sawa Katika Land Rover Kuukuu

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahenga walisema hivyo kwa habari ya nyumba, lakini mwenye gari kuukuu huuona msemo huo ukitimia chini ya boneti ya gari lake. Ufa mwembamba kama unywele, ulio baina ya manifoldi na kichwa cha injini, waweza kula petroli bila faida, kuunguza vali, kudhoofisha breki na kuwaletea moshi wa sumu watoto waliokaa kiti cha nyuma. La kusikitisha zaidi ni kwamba ufa huo aghalabu hauletwi na uchakavu. Huletwa na kipuri kipya, kilichonunuliwa kwa nia njema na kufungwa kwa haraka.

Katika tarafa ya Butihinda, kaskazini mashariki mwa Burundi, jambo hili lina uzito wa pekee. Tarafa hiyo, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa katika mkoa wa Muyinga na tangu mwaka 2025 imo katika mkoa mpya wa Buhumuza, inapakana na Tanzania. Hapo Kobero ndipo kilipo kituo cha mpakani ambamo malori yatokayo Dar es Salaam huingia Burundi baada ya kuipita Ngara na Kabanga. Kutoka hapo barabara huelekea Muyinga mjini, na mbele zaidi hupitia Karuzi hadi Gitega, mji mkuu wa kisiasa. Ni nchi ya vilima. Gari hupanda, hupinda, hushuka, kisha hupanda tena. Dereva huhitaji injini yenye nguvu wakati wa kupanda na breki zenye kutii wakati wa kushuka, na yote mawili yanahusiana na hewa ipitayo katika manifoldi.

Isitoshe, wakazi wa nchi hiyo hawajasahau foleni za petroli za miaka ya 2022 hadi 2024, wakati magari yalipolala vituoni yakingoja zamu. Mtu aliyepata petroli kwa shida namna hiyo hana ruhusa ya kuipoteza kwa sababu ya gasketi.

GARI LINALOJULIKANA NA WENGI

Kwa askari na polisi wa Afrika ya Mashariki, na kwa familia zao, Land Rover haihitaji kutambulishwa. Ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, Uholanzi, mwezi wa Aprili 1948. Mwaka 1958 ikaja na injini ya petroli ya lita mbili na robo, yenye silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 2,286. Injini hiyo ndiyo iliyozunguka kambini, vituo vya polisi, misheni, hospitali na ofisi za wilaya kwa miaka mingi, kwanza katika Series II, kisha katika Series III iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Nchini Kenya magari hayo yaliunganishwa pia mjini Thika.

Kwamba magari hayo bado yana wapenzi ni jambo lililoonekana mjini Arusha mwezi wa Oktoba 2024, ambapo mamia ya Land Rover, mapya na makuukuu, yalikusanyika kwa maonyesho na msafara. Lakini gari ambalo halitengenezwi tena lina shida moja: vipuri vyake vya asili huadimika. Mwenye gari huenda Buyenzi mjini Bujumbura, au huagiza kutoka Gerezani mjini Dar es Salaam, Kisekka mjini Kampala au Kirinyaga Road mjini Nairobi, na mara nyingi anachopata ni kipuri cha kuiga. Viko vya kuiga vilivyotengenezwa kwa uangalifu, na viko vilivyofanana na cha asili kwa sura tu.

Manifoldi ni miongoni mwa vipuri ambavyo sura yake hudanganya kwa urahisi.

KAZI YA MANIFOLDI

Injini ya petroli huvuta pumzi kama kiumbe hai. Kila bastola inaposhuka huvuta hewa iliyochanganyika na petroli kutoka kwenye kabureta. Njia inayoyagawa mchanganyiko huo kwa silinda zote nne ndiyo manifoldi ya kuingizia. Chini yake ipo manifoldi ya moshi, ambayo hukusanya moshi uliokwisha kuungua na kuupeleka kwenye ekzosi.

Katika injini hii ya Land Rover manifoldi hizo mbili zinakaa upande mmoja wa kichwa cha injini, tena zimeungana katikati kwa boliti zake zenyewe. Hilo lilifanywa kwa makusudi, ili joto la moshi lipashe sakafu ya manifoldi ya kuingizia na kuigeuza petroli kuwa mvuke, hasa asubuhi ya baridi. Baadhi ya nati zinazozifunga kwenye kichwa cha injini huzibana zote mbili kwa pamoja kwa njia ya vibano. Kwa hiyo yapasa ieleweke tangu mwanzo kwamba hizi si vipuri viwili vinavyojitegemea. Ni jozi, kama mawe mawili ya kinu. Ukibadili moja bila kuiangalia ya pili, zote mbili hukosa kukaa.

Injini inapozunguka polepole bila kukanyagiwa mafuta, yaani katika mwendo ule ambao mafundi huuita sailensa, ndani ya manifoldi huwa na ombwe kubwa. Kanieneo ya hewa ya nje ni kubwa mno kuliko ya ndani, na hewa hiyo hutafuta upenyo wowote ili iingie. Ikipita katika kabureta, hupimwa na kupewa petroli yake. Ikipita katika ufa, huingia peke yake bila kupimwa, na mchanganyiko huwa mwepesi kupita kiasi.

KWA NINI KIPURI KIPYA HAKIKAI SAWA

Mtu huweza kuuliza: kipuri kimetoka kwenye boksi lake, kimefungwa kwa karatasi ya nailoni, kitakuwaje kimepinda? Jibu lipo katika namna ya kukitengeneza. Chuma au aluminiamu iliyoyeyushwa humiminwa katika kalibu, nayo hunywea inapopoa. Sehemu nene hupoa baadaye kuliko nyembamba, na kwa sababu hiyo kipande hubaki na mvutano ndani yake. Kikipelekwa kwenye mashine ya kusawazisha uso kabla hakijatulia, au kikibanwa kwa nguvu mno mashineni, uso utaonekana umenyooka maadamu umebanwa. Ukifunguliwa hurudi ulikotaka kwenda.

Makosa yanayoonekana mara kwa mara ni haya:

Kwanza, uso unaokabili kichwa cha injini umepinda, hivi kwamba midomo ya katikati inagusa na ya pembeni iko mbali, au kinyume chake.

Pili, matundu ya stadi, zile boliti zisizo na vichwa zilizokazwa kwenye kichwa cha injini, hayaelekeani sawasawa. Manifoldi huingia kwa kulazimishwa na kubaki imening'inia upande mmoja.

Tatu, ukingo wa kufungia wa manifoldi mpya una unene usiolingana na ule wa jirani yake ya moshi. Kosa hili ndilo linalowashinda wengi, kwa kuwa halionekani kwa macho. Kibano kinachozishika zote mbili hulalia ule mnene peke yake. Nati itakazwa mpaka mkono uchoke, na bado ule mwembamba hautakuwa umebanwa.

Nne, midomo ya manifoldi haikutani na midomo ya kichwa cha injini, au kingo zake zimeachia sehemu ya gasketi bila kuegemea kitu.

Tano, mahali pa kukalia kabureta hapakunyooka. Wengi wameiondoa kabureta ya zamani ya Zenith na kuweka Weber juu ya bamba la kuunganishia. Bamba hilo huongeza maungio, na kila ungio ni mlango mpya wa hewa.

DALILI ZAKE

Dalili ya kwanza ni gari kukosa sailensa. Likiwa katika mwendo huenda vizuri, lakini likifika kwenye kizuizi au kwenye foleni ya mpakani hutetemeka na kuzimika. Sababu ni rahisi: katika mwendo wa polepole injini hutumia hewa kidogo sana, kwa hiyo ile ya wizi inayopita katika ufa huwa sehemu kubwa ya yote. Mafuta yakikanyagwa, hewa halali huwa nyingi na ile ya wizi haionekani tena.

Dalili nyingine ni mlio wa mluzi au wa kufyonza, injini kupiga mizinga kwa nyuma katika kabureta, na plagi za silinda mbili za jirani kuwa nyeupe ilhali nyingine ni za kahawia. Ufa ukiwa upande wa moshi, husikika mlio wa tiki-tiki wakati injini ni baridi, na huonekana masizi meusi yaliyochora mstari kwenye ungio.

Makosa makubwa hutokea hapa. Dereva aliyekosa sailensa huchukua bisibisi na kufungua skrubu ya petroli ya kabureta ili injini isizimike. Kwa kufanya hivyo amefunika kosa kwa kosa. Silinda zilizo mbali na ufa sasa zinapata petroli nyingi mno, zile zilizo karibu bado zina njaa, na tangi linakwisha kabla ya safari.

Katika nchi ya milimani uficho huo ni mkubwa zaidi. Vilima vya Muyinga vimeinuka zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 14 kuliko ya pwani, na kabureta iliyopimwa Dar es Salaam hutoa petroli iliyozidi. Gari lenye ufa likipandishwa bara huweza kuonekana limepona kwa muda, kwa maana wizi wa hewa umekutana na ziada ya petroli. Halijapona. Utaratibu ulio sahihi ni kuziba ufa kwanza, kisha ndipo kabureta ipimwe kwa hali ya mahali.

Anayetumia geji ya ombwe naye aangalie jambo hilo hilo. Vitabu vingi husema injini nzima katika sailensa isome baina ya inchi 17 na 21 za zebaki. Vipimo hivyo ni vya usawa wa bahari. Kwa kila mita 300 hivi za kupanda, geji hupungua kwa karibu inchi 1. Kwa hiyo kwenye mita 1,500 injini iliyo nzima itasoma inchi 12 hadi 16 tu, na fundi asiyelijua hilo anaweza kuibomoa injini isiyo na ugonjwa.

BREKI NA MOSHI

Lau kama hasara ingekuwa ya petroli peke yake, mtu angeweza kusema atavumilia hadi mwisho wa mwezi. Lakini kuna mambo mawili yasiyovumilika.

La kwanza ni breki. Land Rover nyingi za Series III, hasa zile ndefu za 109, zina servo, yaani chombo kinachousaidia mguu wa dereva kukanyaga breki. Servo hufanya kazi kwa ombwe linaloletwa na mpira kutoka kwenye manifoldi ya kuingizia. Manifoldi ikivuja, ombwe hupungua. Breki hazikatiki kabisa, lakini pedali huwa ngumu, na dereva atahitaji nguvu nyingi zaidi ili kusimama mahali pale pale. Gari lililojaa watu na magunia, kwenye mteremko mrefu wenye kona, halimpi dereva nafasi ya kulitambua hilo polepole. Hatari huzidi pale ambapo manifoldi ya kuiga haina tundu la kuunganishia mpira wa servo, na mtu akauziba mpira huo kwa kipande cha mti na kuliacha gari liende.

La pili ni moshi. Kwa kuwa manifoldi mbili hizo hufungwa pamoja, ile ya kuingizia isipokaa sawa huizuia ya moshi nayo isikae. Moshi wa injini una hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Huingia ndani ya gari kwa kupitia matundu ya pedali na ya nyaya katika ukuta wa mbele. Anayeivuta huumwa kichwa, huona kizunguzungu, husikia kichefuchefu na kupatwa na usingizi, ikizidi huua. Watoto hudhurika upesi kuliko watu wazima. Basi familia ikishuka garini huku wote wanaumwa kichwa, na maumivu yakatulia baada ya kukaa nje kwa muda, mzazi asiseme ni uchovu wa safari tu. Na alitazame gari kabla ya safari nyingine.

KUPIMA KABLA YA KUFUNGA

Kazi ifanywe injini ikiwa baridi kabisa, waya wa betri umefunguliwa, na bomba la petroli limezibwa. Sigara na kibatari viwe mbali. Ndoo ya mchanga mkavu iwe karibu. Watoto wasiwepo.

Katika kukwangua gasketi ya zamani kuna jambo ambalo mafundi wa zamani hawakuambiwa. Gasketi nyingi za miaka hiyo zilikuwa na asbestosi, na vumbi lake likivutwa hudhuru mapafu na huleta saratani baada ya miaka mingi. Gasketi ya namna hiyo isikwanguliwe kavu, wala isisagwe kwa msasa au kupulizwa kwa mdomo. Ilowekwe maji, ikwanguliwe ikiwa mbichi, mabaki yafungwe katika mfuko, na nguo za kazi zisichanganywe na za nyumbani wakati wa kufua.

Baada ya hapo matambara safi yaingizwe katika midomo ya kichwa cha injini ili takataka zisianguke ndani, na fundi ayahesabu ili asisahau hata moja.

Kipimo cha kwanza ni rula ya chuma iliyonyooka pamoja na fila. Rula ilazwe juu ya uso wa manifoldi kwa urefu, kisha kwa mshazari, na fila ijaribiwe kupita chini yake. Fila ya milimita 0.1 ikishindwa kupita popote, uso ni mzuri. Ikipita ile ya milimita 0.2, isitegemewe gasketi kulifuta kosa hilo, uso usawazishwe. Kichwa cha injini nacho kipimwe vivyo hivyo, kwa kuwa huenda mkosaji si mgeni bali ni mwenyeji.

Kipimo cha pili ni cha rangi. Asiyekuwa na rangi ya bluu ya mafundi anaweza kuchukua masizi ya taa, akayachanganya na tone la mafuta ya injini, na kupaka safu nyembamba kwenye uso wa kichwa cha injini. Manifoldi ikiegemezwa bila gasketi na kuondolewa, itaonyesha pale ilipogusa na pale isipogusa. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na hakidanganyi.

Kipimo cha tatu ni cha unene. Kingo za manifoldi mbili, mahali ambapo kibano kimoja hushika zote, zipimwe kwa kaliba. Tofauti hata ya nusu milimita inatosha kukifanya kibano kisifanye kazi yake.

Mwisho gasketi mpya ilazwe juu ya midomo yote, kwanza ya kichwa cha injini na kisha ya manifoldi, na ukingo wa kila mdomo uangaliwe kama unaangukia juu ya gasketi.

KUREKEBISHA

Ikiwa kasoro ni kubwa na duka linakubali, dawa bora ni kukirudisha kipuri. Kikishatiwa tupa hakirudi tena. Kwa hiyo vipimo vyote vifanyike kabla ya tupa kuguswa.

Matundu yasiyoelekeana yarekebishwe kwa tupa ya mviringo, kidogo kidogo, kwa kupanua tundu la manifoldi upande unaohitajika. Stadi zisipindwe kwa nyundo ili zifuate kipuri. Tundu lililopanuliwa lipewe washa nene yenye kulifunika vizuri. Ikiwa matundu yamekosa kwa zaidi ya milimita mbili, kipuri hicho ni cha gari jingine.

Uso uliopinda kidogo unaweza kusawazishwa nyumbani. Msasa wa maji wa namba 120 hubandikwa juu ya kipande cha kioo kinene kilicholala sawa, ukatiwa maji, na manifoldi ikasuguliwa juu yake kwa mwendo wa namba nane, bila kuegemea upande mmoja. Mistari ya kalamu iliyochorwa kwanza kwenye uso itaonyesha maendeleo: mahali ambapo mistari imebaki ni bondeni. Uso uliopinda sana upelekwe kwenye karakana yenye mashine ya kusaga vichwa vya injini.

Hapa ndipo kanuni ya jozi inapotumika. Manifoldi mbili zifungwe pamoja kwanza, gasketi yake ya katikati ikiwamo, ndipo zisagwe nyuso zote kwa mara moja kama kipande kimoja. Zikisagwa mbalimbali kisha zikaunganishwa, kazi yote huwa bure, kwa kuwa moja itatangulia na nyingine itabaki nyuma. Zikishasagwa pamoja, boliti za katikati zisifunguliwe tena.

Tofauti ya unene katika kingo irekebishwe kwa kuupunguza ule mnene mashineni, au kwa kukitia kibano ngazi ndogo kwa tupa ili kiguse pande zote mbili kwa nguvu moja. Rangi ya masizi itumike tena hapa kuhakikisha.

Mdomo wa manifoldi uliozidi au kupungua kwa kiasi kidogo uchongwe taratibu ili njia isiwe na kizingiti, lakini ukingo wa kukalia gasketi usifanywe mwembamba. Kisha manifoldi ioshwe kwa sabuni na maji ya moto mpaka pasibaki chembe ya tupa wala msasa, kwa maana chembe moja ikiingia katika silinda hukwaruza kama mchanga.

YA KUEPUKWA

Nati isitumiwe kuinyoosha manifoldi. Aluminiamu haipendi kulazimishwa. Masikio yake hupasuka, na stadi hung'oa uzi wake katika kichwa cha injini. Hapo gharama ya kipuri kimoja hugeuka kuwa gharama ya kukifungua kichwa kizima.

Silikoni ya kwenye mrija isitumiwe badala ya gasketi. Petroli huilainisha, na vipande vyake huvutwa ndani ya injini. Upande wa moshi huungua. Mpira wa baiskeli na ubao wa boksi la sabuni haviwezi kazi hii. Palipokosekana gasketi iliyotengenezwa tayari, ikatwe kutoka katika karatasi ya gasketi yenye kustahimili petroli na joto, isiyo na asbestosi.

Gasketi mbili zisipandishwe moja juu ya nyingine ili kujaza pengo. Hulegea upesi.

Wala petroli isinyunyizwe kwenye ungio ili kutafuta mahali panapovuja. Manifoldi ya moshi iko papo hapo chini yake, nayo ina joto la kutosha kuwasha moto.

KUFUNGA NA KUHAKIKISHA

Ikiwa manifoldi hazikusagwa pamoja, boliti zinazoziunganisha ziachwe zimelegea. Manifoldi zifungwe kwenye kichwa cha injini kwa vidole, zipate kukaa zenyewe. Kisha boliti za katikati zikazwe, na mwisho nati za kichwa cha injini. Ukazaji uanzie nati za katikati na kwenda pembeni, kwa hatua tatu, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Nati hizi hazihitaji nguvu ya mabega. Injini ikishapata moto na kupoa, nati zikazwe tena, kwa kuwa aluminiamu hupanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma cha kusubu, na gasketi mpya hujipanga upya.

Kutafuta uvujaji uliobaki, injini iwe katika sailensa. Mpira mwembamba wenye urefu wa mita moja hivi uwekwe ncha moja karibu na sikio, na ncha nyingine ipitishwe polepole kando ya ungio. Panapovuja patasikika kufyonza. Maji ya sabuni yakipakwa kwa brashi yatathibitisha: yatavutwa, na mlio wa injini utabadilika. Mikono, mikono ya shati na ncha za kanga ziwe mbali na feni.

Ndipo skrubu ya petroli irekebishwe, na baada ya safari fupi plagi zitazamwe. Zikiwa na rangi ya kahawia zote nne, silinda zinagawana sawa.

Mwisho ni jaribio la breki, ambalo halihitaji chombo chochote. Gari lenye servo lisimamishwe mahali tambarare, magurudumu yawekewe vizuizi na injini izimwe. Pedali ikanyagwe mara tano au sita mpaka iwe ngumu. Mguu ukiwa bado umeikandamiza, injini iwashwe. Pedali ikizama kidogo yenyewe, ombwe limefika kwenye servo. Isipozama, gari lisitoke. Dereva wa kikosi na baba wa familia wanaweza kulifanya jaribio hilo kila asubuhi, kwa muda usiozidi dakika moja.

Kazi yote hii, ikifanywa kwa utulivu, humaliza siku moja au mbili. Yapo maduka ambayo hayatakubali kukirudisha kipuri, na wapo mafundi watakaomcheka mtu anayepaka masizi na kupima kwa fila wakati wao wangekuwa wamekwisha kukaza. Na wacheke. Gari litakapopanda kutoka Kobero kwenda Muyinga bila kuzimika, na kuteremka upande wa pili huku pedali ikitii mguu, abiria hawatajua hata kidogo kwamba kulikuwa na manifoldi iliyokataa kukaa.